Uji wa Mgonjwa wa Surua

Kina mama, kabla hamjaanza tena kubishana kuhusu sindano za watoto, nipeni nafasi. Mimi ni Mutheu, mzaliwa wa mtaa wa Mbotela. Miaka ile ya sabini nilikuwa darasa la pili, miguu wazi, bingwa wa kuruka kamba, na hakuna mtoto wa mtaa aliyenishinda mbio.

Kisha Kamau, mtoto wa jirani, akashikwa na surua. Siku hizo surua ikiingia mtaani, watoto hawakufichwa. Walipelekwa kwa mgonjwa ili waipate wote pamoja, mambo yaishe. Mama Kamau alikoroga uji, Kamau akanywa kwanza, halafu kikombe kikatuzungukia sisi wengine.

Si kwamba nyumbani kwetu hatukubishana. Baba, karani mjini, alitaka tupelekwe kliniki tukachanjwe. Susu, yaani nyanya yetu mzaa baba, aliyekuwa akiishi nasi, alikataa katakata.

"Sindano inairudisha surua ndani," alisema. "Na ikirudi ndani, inaua."

"Leta huyo wako, Mama Mutheu," Mama Kamau naye akaita. "Wamalizane nayo mara moja."

Mama akanipeleka. Niliunywa uji ule kwa furaha, maana ulikuwa na sukari.

Baada ya siku kadhaa nikawaka homa. Macho yalijaa tongotongo yakagoma kufunguka. Vipele vilianzia nyuma ya masikio vikashuka mwili mzima, mdomo ukajaa vidonda, na nikaharisha mpaka nikashindwa kusimama. Susu aliziba dirisha kwa blanketi, akakataza nisiogeshwe. Kamau alikuwa tayari anacheza nje, kwa hivyo kila mtu alisema nami nitaamka tu. Lakini kifua kilibana. Kila nikivuta pumzi, mbavu zilizama. Niliogopa kufa, na nilikuwa mkubwa wa kutosha kujua kufa ni nini.

Asubuhi moja Susu aliinama, akaweka sikio kifuani pangu. Kisha akamwambia Mama, "Mbebe, umpeleke hospitali."

"Na sindano je?"

"Nimezika watoto wangu wawili waliohema hivi, na hakuna aliyewadunga. Mbebe."

Daktari alinipima, akamwambia Mama, "Surua yenyewe haina dawa, mama. Lakini imemletea nimonia, na hiyo tutapigana nayo." Nikawekewa mpira wa hewa puani, nikadungwa matakoni mpaka nikachoka kulia. Hakuna kilichorudi ndani. Wodi ilijaa watoto wa surua, tukilala wawili wawili. Asubuhi moja niliamka nikamkosa mwenzangu wa kitanda, na nilipouliza, nesi akatandika shuka safi upande wake.

Niliporudi nyumbani, Susu alimfunga mdogo wangu mgongoni, akampeleka kliniki kuchanjwa. Mama Kamau alimkuta njiani.

"Hata wewe, Susu?"

"Hata mimi," akajibu, akapita zake. Mdogo wangu hajawahi kuugua surua hadi leo.

Namshukuru Mungu, nawashukuru manesi wale, na Susu namshukuru kuliko wote, kwa sababu kugeuza maneno yako mbele ya mtaa mzima si jambo dogo. Wenzangu, mtoto akifikisha miezi tisa, mpelekeni achanjwe. Msingoje jirani akoroge uji.

Mwili wangu ulipona, ila sikio la kushoto lilitoka usaha mpaka likazima kabisa. Kwa hivyo anayetaka kunibishia kuhusu chanjo, namkaribisha akae upande huo.