Kuta Nilizowaomba Majirani

Nilirudi mjini Kolwezi na shahada ya jiografia wakati kampuni ya migodi iliyomlea baba yangu ilikuwa imeacha kuajiri. Sikuwa na kazi, kwa hiyo niliwaza. Niliwaza hasa juu ya mtaa wetu, uliokuwa umeota pembeni mwa tarafa ya Dilala bila mpango: nyumba moja leo, kumi mwezi ujao. Kwenye kambi ya zamani ya wachimbaji barabara zilikutana. Kwetu ilikuwepo moja tu, na watu walikatiza katika viwanja vya wenzao: unapiga hodi, unawasalimia wanaopika, unatokea upande wa pili. Niliona aibu. Nikazunguka na mchoro wangu, nikiwashawishi majirani wajenge kuta za tofali, tuwe mtaa wa kweli. Wakajenga. Nikasifiwa.

Kisha wenyeji wa jimbo letu wakaanza kuwafukuza watu wenye asili ya jimbo la Kasai. Sisi ni hao. Babu aliletwa kutoka huko kuchimba shaba.

Asubuhi moja vijana wa wenyeji waliziba barabara yetu kwa magogo. Jirani aliyejaribu kupita alirudi akivuja damu masikioni. Treni ya kuturudisha Kasai ilikuwa tayari stesheni, nami nilikuwa na mama na mafurushi mawili. Nilizipitia njia zote kichwani. Kila moja iliishia ukutani. Sikuamini. Nikazipitia tena.

"Mi nalizaliwa huku," mama alisema. "Nirudie wapi?"

Nyuma yetu aliishi mama mmoja mwenyeji, asiye wa Kasai. Nikamwita. Kichwa chake kikachomoza juu ya ukuta.

"Mama, tusaidie, tupite kwako."

"Eh! Tata, baba wa mabarabara! Si weye njo ulisema tufunge njia?"

"Ni mimi, mama."

"Na sasa mama yako aruke ukuta sawa mbuzi?"

Akatoweka. Nilijua amekwenda kuwaita vijana. Nilishatunga hata maneno atakayowaambia. Ghafla kishindo, na tofali likaanguka miguuni pangu. Alikuwa akiubomoa ukuta kwa jembe, akitutukana sote, mimi na wale vijana.

Tukapita. Mama yangu alimshika mkono. Nilipogeuka, familia ya tatu ya Wakasai wenzetu ilikuwa inaingia, kisha ya nne, magodoro kichwani, wakipita kando ya jiko lake. Naye alisimama juu ya mboga zake zilizokanyagwa, akizidi kupanua tundu.