Nilimwambia Mdogo Wangu Amdanganye Daktari

Admin, nifichie jina langu na la mdogo wangu, maana Wakenya wa Dubai tunajuana. Nina miaka 36, kwetu Mombasa, nafanya kazi ya kufua mashuka hotelini, Al Garhoud. Mdogo wangu ana miaka 21. Mama alitutoka yeye akiwa bado mtoto, nikamlea mimi, na mpaka leo nikimwambia kaa, anakaa.

Kijana huyu anacheza hoki ya kwenye barafu. Chekeni tu, hata mimi nilicheka. Mtu wa pwani na barafu wapi na wapi? Alijifunzia Nairobi, akaja huku kufanya kazi ya kukodishia watu viatu vya kutelezea kwenye mall, na jioni akawa anafanya mazoezi na wengine mpaka timu ya kulipwa ikamchukua kwa majaribio. Mechi ya kwanza alifunga. Ya pili akafunga mawili, uwanja mzima ukasimama. Nikavimba kichwa. Nilijaza status mpaka watu wakachoka nami, na madam wangu kazini, ambaye hakuwahi kulijua jina langu, akaanza kuniulizia habari za mchezaji. Utamu ulinikolea.

Mechi ya tatu jamaa mmoja, pande la mtu, alimbamiza ukutani. Kwao hilo ni jambo la kawaida mchezoni. Mdogo wangu alianguka, akainuka, akaenda kukaa kwenye benchi la wapinzani. Watu wakacheka. Mimi niliyaona macho yake, sikucheka.

Baadaye nilimkuta kwenye korido na daktari wa timu, anaulizwa kwa Kiingereza kama kichwa kinamuuma, kama anaona vizuri. Akanitazama. Kocha alishasema akicheza vizuri mechi ijayo, anasaini mkataba wa msimu mzima. Basi nikamwambia kwa Kiswahili, huku natabasamu ili daktari asishtuke: "Mwambie uko sawa. Usituharibie saa hizi."

Akasema yuko sawa. Daktari akataka kujua nimesema nini. Nikamjibu nampongeza.

Hilo ndilo linalonitafuna. Tangu siku hiyo anafunga mapazia mchana, anatapika, anarudia swali nililomjibu punde tu. Mwenzake wa chumba kule mtaa wa International City alinipigia akaniambia mdogo wangu alitoka kwenda dukani akasahau njia ya kurudi. Nikasema ni uchovu tu, inshallah atapumzika. Nilijua nasema uongo.

Mechi ni kesho. Nikienda kwa daktari, mkataba huenda ukaota mbawa, na itajulikana nilimdanganya mchana kweupe. Nikinyamaza, nimeambiwa kichwa kikigongwa tena kabla hakijapona, mtu anaweza asiamke.

Leo nimempelekea pilau, hakuigusa. Amenishika mkono akaniuliza taratibu: "Dada, nikimwambia kocha naumwa, utanikasirikia?"

Nimechukua mkoba wangu nikatoka, na sasa niko kituo cha basi, mabasi yananipita.

Nitukaneni mkitaka, nastahili, lakini nishaurini kabla ya kesho. Nifanye nini mimi, ambaye mtoto niliyemlea anasubiri nimpe ruhusa ya kuumwa?