Siku Nne Bila Kuosha Injini

Mbuke hakumwitikia mtu salamu kabla hajachomoa kijiti cha oili. Ungeweza kuwa mchungaji, mchimbaji au mwenye gari mwenyewe. Ukimsalimia boneti ikiwa juu, alikuinulia kidole kimoja, maana yake subiri. Alikipangusa kijiti kwa kipande cha kitenge, akakirudisha, akakichomoa tena na kukitazama kwenye mwanga. Ndipo alipoitika, kama vile shikamoo yako ndiyo kwanza imefika. Kisha aliwasha injini, akasimama ubavuni mwake amefumba mdomo, akaisikiliza. Wachimbaji walimtania kwamba anaiombea. Aliwajibu kwamba wa kuombewa ni wao, wanaoingia mashimo wasiyoyasikiliza.

Nilifanya naye kazi miaka mitatu kule Nyarugusu, kwenye mashimo ya Boaz. Mimi nilikuwa karani wa stoo. Yeye aliendesha pikapu ya dizeli iliyobeba kila kitu: mapipa ya maji, magogo ya kuegemeza kuta za mashimo, viroba vya mawe, na mara mbili mgonjwa. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, Msukuma wa vijiji vya Shinyanga, na watu walimwita Mama Hosiana. Ujanani alikuwa mpishi wa masista. Sista mmoja aliyekuwa amechoka macho alimfundisha gari, na alimfundisha injini kwanza, usukani baadaye. Nadhani ndiyo maana Mbuke aliendesha kwa masikio zaidi kuliko kwa macho.

Mwezi wa tatu, asubuhi moja ya mvua, injini iliamka na mlio mpya. Ta-ta-ta-ta, mkavu na wa haraka, kama mtu anayegonga kijiko kwenye ukingo wa sufuria. Mbuke alimweleza Boaz siku hiyo hiyo. Boaz akamwita Selestine, fundi mwenye jina kubwa kutoka Katoro, na jioni kabla fundi hajafika akaamuru injini ioshwe kwa mpira wa pampu mpaka ing'ae. Alikuwa kama mtu anayemwogesha mgonjwa ili daktari asimwone mchafu. Kwa kweli iliogeshwa kila Jumamosi, gari likirudi kutoka safari, kwa sababu Jumapili Boaz alipenda kufungua boneti mbele ya wenzake kanisani na kuwaambia, "Injini hii unaweza kulia ugali juu yake."

Selestine alifika saa moja asubuhi. Mbuke akawasha. Fundi alisikiliza akiwa ameingiza mikono mfukoni, kisha akatikisa kichwa.

"Boaz, hii imeshakufa. Beringi za krenki, huku chini kabisa. Hii imeendeshwa kavu."

"Kavu vipi?"

"Bila oili. Tunashusha injini, hakuna njia nyingine."

Wachimbaji walikuwa wakisubiri kuingia zamu, na mama lishe walikuwa wakiwagawia chai. Boaz akageuka mbele yao wote. Kwa kawaida alimwita Mama Hosiana. Siku ile alimwita jina lake tupu.

"Mbuke, umeniulia gari."

Nataka msomaji aelewe uzito wa neno hilo. Kwenye machimbo, jina la dereva hutembea kasi kuliko gari lake. Dereva aliyeua injini Nyarugusu hapati usukani Nyarugusu, wala Katoro, wala Kahama. Na akiwa mwanamke, hasemwi yeye peke yake. Wanasemwa wote watakaokuja nyuma yake.

"Sijaua kitu, Bosi," alisema Mbuke. "Chomoa kijiti uone."

"Oili mtu anaweza kuongeza leo alfajiri," alisema Selestine.

"Ya leo alfajiri ingekuwa na rangi ya asali. Hii ina weusi wa kazi."

"Mayu," alisema fundi, akimwita mama kwa Kisukuma, "mimi nafungua injini mwaka wa ishirini huu. Wewe umefungua nini?"

Watu wakacheka. Mbuke akawasubiri wamalize.

"Nimefungua masikio. Hayo hayataki spana. Sasa nisikilize. Gari likiwa la baridi linalia. Nikifika kisimani, injini imeshapata moto, linanyamaza. Beringi iliyokufa inafanya hivyo? Ikipata moto si ndiyo kwanza inazidi, oili ikishakuwa nyepesi? Na mlio wake ni mzito, unatoka chini, kama mchi kwenye kinu. Huu ni mwepesi, unatoka juu, ubavuni, upande wa ekzosi. Na taa ya oili haijawahi kuwaka hata siku moja."

"Basi valvu," alisema Selestine, ambaye dakika mbili zilizopita alikuwa na uhakika wa krenki.

"Inaweza kuwa valvu. Hatukati mguu kabla ya kutafuta mwiba."

Aliinama juu ya injini, akapitisha kidole pale mabomba ya ekzosi yanapoungana na injini, akakiinua. Kilikuwa safi.

"Moshi ukivuja hapa huacha masizi," alisema. "Lakini mmeyaosha. Kila wiki mnaosha, na mnanitafutia ushahidi nje. Nipeni siku nne. Nitaendesha kama kawaida. Mtu asiioshe injini, hata kwa kitambaa. Siku ya tano asubuhi njooni na macho yenu."

"Siku nne na beringi iliyokufa?" Selestine alicheka. "Krenki itatoka nje."

"Ikitoka nitaibeba kichwani mpaka Katoro, na jina mlilonipa nitalipokea."

Boaz alikubali, labda kwa sababu injini ikishushwa maji yasingefika mashimoni wiki nzima. Kwa siku nne pikapu ile ilizunguka na tope la masika mpaka kwenye vioo. "Bibi harusi hajaoga leo tena!" walipiga kelele mama lishe. Mbuke aliwapungia mkono. Alikata kipande cha mpira cha urefu wa mkono, akawa anaweka ncha moja sikioni na nyingine anaipitisha juu ya injini ikinguruma, pole pole, sehemu baada ya sehemu, huku akiwa mbali na feni. Alijua sasa mahali. Lakini kujua peke yako kwenye machimbo si kujua.

Siku ya pili Boaz alikuwa na mgeni kutoka Geita, akaona aibu. Akamwambia mtu wa pampu alete mpira. Mbuke hakubishana. Alipanda juu ya boneti, akakaa, akapanga kanga yake vizuri miguuni.

"Nioshe mimi kwanza," alimwambia mtu wa pampu.

Yule bwana akamtazama Boaz, akamtazama Mbuke, akaenda kufunga maji.

Asubuhi ya siku ya tano kulikuwa na ukungu, na watu walikuwa wengi kuliko siku ya kwanza. Mbuke akafungua boneti kabla injini haijawashwa. Nyuma kabisa, kwenye maungio ya ekzosi, palikuwa na doa jeusi lililotawanyika kama unyoya wa kunguru. Pengine pote palikuwa na tope jekundu tu.

Aliwasha, mlio ukaanza, akampa Selestine kile kipande cha mpira. Mimi akaniambia nishike tambara lililoloa kwenye mdomo wa bomba la nyuma, nizibe kidogo tu. Nilipoziba, ule mlio uliongezeka, na palepale kwenye doa hewa ikapiga kelele hata sisi wa nyuma tukaisikia. Selestine alikuwa ameinama, mpira sikioni. Alikaa hivyo muda mrefu. Sikumpenda mtu yule, lakini alichofanya baadaye si kila fundi angekifanya. Alisimama wima na kusema kwa sauti ya kusikika:

"Ekzosi inavuja. Gasketi imeungua, na bolti ya nyuma imekatika. Ikipata moto chuma kinatanuka, panajiziba, ndiyo maana inanyamaza. Beringi ni nzima. Mayu yuko sahihi."

"Imekatikaje?" aliuliza Boaz.

"Chuma kilichowiva ukikimwagia maji ya baridi kila wiki, kinapinda. Kikipinda kinavuta bolti."

Boaz akaangalia chini, kisha akainua sauti. "Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Nilikuambia," alisema Mbuke. "Mwezi wa kwanza, ndani ya stoo. Nikasema, Bosi, subiri ipoe. Ukasema mimi ni mvivu wa usafi."

"Nani alisikia?"

Nilisikia mimi. Siku ile nilikuwa nyuma ya meza, nikipanga nyundo, hatua tatu kutoka kwao. Mbuke hakunitaja, wala hakunitazama. Tambara lilikuwa bado mkononi mwangu, likidondosha maji kwenye viatu. Nilikuwa na mtoto wa sekondari na kibarua kimoja, na sababu hizo zilionekana kubwa kabisa. Nimezipima tena mara nyingi tangu wakati huo, na kila mara zinapungua.

"Haya, yaishe," alisema Boaz.

"Hayajaisha. Uliniita muuaji mbele ya watu hawa. Nirudishie jina langu mbele yao."

Boaz alipangusa mdomo.

"Oili ilikuwepo. Gari hakuliua."

"Sauti, Bosi!" alipiga kelele mchimbaji mmoja kutoka nyuma.

"Nimesema hakuliua!"

Watu walicheka, lakini safari hii hawakumcheka Mbuke.

Kazi yenyewe ilimalizika mchana mmoja. Bolti ilitolewa, chuma kikasuguliwa kikanyooka, gasketi mpya ikawekwa, na pikapu ikaanza kuamka bila kulia. Tangu hapo Mbuke hakutoa funguo Jumamosi mpaka aweke kiganja juu ya injini na kukiacha hapo bila kuungua. Boaz alisubiri, shati lake la kanisani mkononi, kila wiki.

Mbuke alikaa miezi minane zaidi. Msimu wa tumbaku ulipokaribia, wakulima wa Ushetu waliotafuta dereva walituma ujumbe wakimwulizia "yule mama wa masizi". Akakubali. Asubuhi ya kuondoka nilimsindikiza mpaka barabarani nikiwa nimembebea begi, na hapo tu, gari la kumchukua likiwa limeshaonekana, nikapata ujasiri wa kumwomba msamaha kwa ajili ya siku ile.

Alichukua begi lake mkononi mwangu.

"Nilijua una mtoto shuleni, ndiyo maana sikukutaja," alisema. "Lakini siku nyingine, mdogo wangu, kohoa. Kohoa hata kidogo tu, nijue siko peke yangu."