Mwanarehema na Reli ya Mezani

Mwanarehema binti Mwinyihaji hakusoma ila Kurani, lakini vidole vyake viliujua waya. Mwaka wa hamsini na tisa, pale Changamwe, mumewe Ishaka alikuwa msaidizi wa fundi wa ishara za reli. Ikatoka nafasi moja, Mwafrika mmoja apelekwe kusomea ufundi huo. Ishaka akaapa ni yake. Akajenga reli ndogo juu ya meza, bwana mkubwa wa reli aje ajionee.

Reli za bati alizikata vipande, kila kipande na betri yake. Gari likiingia, magurudumu ya chuma yanaunganisha reli mbili, umeme unavuka hadi kwenye msumari uliozungushiwa waya. Msumari unageuka sumaku, unavuta ulimi wa bati, taa nyekundu inawaka. Hapo mtu hujua gari liko wapi hata asipoliona. Waya ule mwembamba kama unywele aliuzungusha Mwanarehema, mizunguko mia nane kila msumari, hata vidole vikachanika. Ahsante hakuisikia. Alichosikia ni, "Umepishanisha, fumua!" Akafumua.

Ijumaa, Ishaka akitoka kwenda msikitini, akamwambia, "Kesho bwana anakuja. Reli hizo uzitunze. Nikikuta kutu, wallahi utanitambua."

"Abee, bwana."

Na upepo wa chumvi wa huko wataka chuma kitunzwe. Mwanarehema akafanya kama afanyavyo kwa cherehani yake: akachukua mafuta ya nazi aliyopika mwenyewe, akapaka reli zote, na magurudumu akayapaka.

Jumamosi bwana mkubwa akaja, pamoja na Wafula, aliyeitaka nafasi ile ile. Ishaka akageuka ukutani, asione. Bwana akaficha gari moja ndani ya moja ya mahandaki matatu ya udongo yaliyofunika reli ile. Ishaka akageuka tena, akatazama taa. Hakuna iliyowaka.

"Bwana wanijaribu," akacheka. "Hukuweka kitu. Njia nyeupe!"

Akaachia gari la pili, lile la kutiwa ufunguo. Likaingia handakini mbio, pakalia kishindo, yote mawili yakaangukia viatu vya bwana mkubwa.

Wafula akaokota moja, akalinusa. "Ishaka! Treni yako umeikaanga?"

Bwana mkubwa alicheka hadi machozi, akaenda zake. Wafula akabaki mlangoni, na meno nje.

"Nani kapaka?" Ishaka akauliza.

"Mimi. Ulisema nitunze."

"Nilisema utunze, sikusema upike!"

"Kuzungusha waya ulinifundisha. Kwamba mafuta huzuia umeme ukanificha. Sasa wamlilia nani?"

"Talaka tatu. Toka!"

Hata Wafula akaacha kucheka. Mwanarehema hakuomba. Alibeba cherehani yake kichwani, akaenda kwa nduguye Mikindani, si mbali na hapo.

Nafasi akapewa Wafula. Ishaka akaondolewa kwenye ishara, akapewa debe la grisi na brashi, apake pale reli zinapogawana njia. Kutwa kucha, jua na mvua.

Mwaka wa sitini na tatu, wiki ya bendera ya uhuru, watu walipokuwa wakishona nguo za sherehe, Mwanarehema alivaa buibui lake jema, akatoka Mikindani kwa miguu hadi Changamwe. Akasimama penye ua wa waya. Ishaka alikuwa amepiga magoti, grisi hadi viwikoni.

"Usisaze, bwana Ishaka," akamwambia. "Paka hadi ndani. Upepo wa huku una kutu."

Hakuinua uso. Brashi ilisita kidogo, kisha ikaendelea. Mwanarehema akasimama pale pale, mikono ndani ya buibui, mpaka Ishaka alipomaliza reli ya mwisho.