Mikono ya Baba Kwenye Usukani

Baba alinitangazia kwamba anauza gari tukiwa mezani tunakula, kwa sauti ile ile anayoombea chumvi. Nikaweka kijiko chini. Tangu mama afariki, gari lile lilikuwa na safari moja tu ya maana: kila Jumamosi, kutoka kwetu Kibaha hadi Maneromango, nyumbani kwao mama, alikozikwa. Baba hufagia kaburi, hung'oa majani, kisha hurudi. Bila gari, kwa barabara ile na goti lake lile bovu, safari ingekufa. Tulilijua hilo sote wawili, ndiyo maana hakuniangalia usoni.

"Kwa nini, baba?"

"Mikono," akasema. "Nikikanyaga breki inatetemeka mpaka kwenye viwiko. Baba yangu alianza hivi hivi."

Babu nilimkuta ameshafikia kunyweshwa uji. Kwa hiyo nilielewa baba anaogopa nini, na mimi nikaogopa. Bahati mbaya, nikiogopa huwa nakasirika; ndivyo nilivyoumbwa. Nikamuuliza ni daktari gani huyo aliyempima kwenye usukani. Nikaomba ufunguo.

Jumamosi ile niliendesha mimi. Baba alikaa upande wa abiria, mahali pa mama, mikono ameikalia kama mtoto aliyekatazwa kugusa vitu vya watu. Nilipokuwa nakanyaga mafuta, usukani ulitulia tuli. Tulipoipita Kisarawe tukaanza kuteremka, nikakanyaga breki. Usukani ukanitikisa kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka bangili zangu zikalia. Nikaachia, ukatulia. Nikakanyaga tena, ukaanza tena.

"Baba, ina maana na mimi nimerithi kwa babu?"

Hakucheka. "Hata wewe?" akauliza polepole. Akaitoa mikono yake chini ya mapaja, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

Njia ilikuwa tope tupu, na mteremko wa mwisho kabla ya nyumbani kwao mama ni mkali. Niliposimamisha gari nje ya uwanja, baba alishuka haraka, akachukua dumu la maji kwenye buti na kuyamwagia magurudumu ya mbele. Maji yakalia chwaa, mvuke ukapanda. Sikushangaa. Mama hakuwahi kuruhusu gari lenye matope likanyage uwanja wa kwao uliofagiwa, na baba hajaanza kumbishia kwa sababu tu hayupo.

Jumatatu nikampeleka baba na gari lake gereji hapa Kibaha. Nilikuwa nimejiandaa kabisa kuwalaumu wauza matairi, lakini fundi akauliza: "Dada, usukani unatetemeka gari likiwa kwenye mwendo, au mpaka ukanyage breki?"

"Mpaka nikanyage breki."

"Basi tuyaache matairi kwanza."

Akapiga jeki, akafungua magurudumu ya mbele, akaizungusha diski, lile duara la chuma linalobanwa na pedi gari lisimame. Alishikilia ncha ya bisibisi karibu nayo. Upande mmoja diski iligusa ncha, upande wa pili ikaacha mwanya. Ya pili nayo hivyo hivyo.

"Zimepinda," akasema. "Mzee, huwa unayamwagia maji magurudumu yakiwa bado ya moto?"

Baba akamsimulia habari ya dumu. Fundi akaeleza kwamba diski ikitoka kwenye mteremko inakuwa na moto kama wa pasi, na maji ya baridi ya ghafla huweza kuipinda. Mimi sikuridhika. Baba alikuwa akiyamwagia maji magurudumu yale miaka yote mama yupo, mbona usukani haukutetemeka? Aliyejibu ni baba.

"Mama yako alikuwa anasalimia kwanza."

Nikamwona mama pale pale. Akishuka tu, anaanza na wifi, anakuja jirani, mgonjwa wa jirani, mihogo, mikorosho, kuku aliyeatamia. Baba amesimama na dumu lake mkononi, ananung'unika, anasubiri aitwe aoshe magurudumu mama akiangalia. Hadi mama akumbuke kumwita, magurudumu yalikuwa yamepoa zamani. Sasa hakukuwa na wa kumsubiri. Nililia pale gereji, mbele za watu, wala sikujali.

Diski zilikuwa zimelika pia, hazifai kuchongwa zinyooke. Fundi akakwangua kutu pale zinapokaa, akafunga mpya na pedi zake, akakaza nati kwa kuzipishanisha ili diski ikae sawasawa. Kisha akampa baba ufunguo. Baba alisita. Tulipoingia barabarani akakanyaga breki, usukani ukatulia. Akakanyaga tena bila sababu yoyote, bodaboda nyuma yetu akapiga honi na kututolea maneno. Baba akampungia mkono kwa heshima zote.

Jumamosi iliyofuata aliendesha mwenyewe mpaka Maneromango. Alisimama nje ya uwanja, akatoa dumu, akalishika, akalirudisha chini. Magurudumu yalikuwa ya moto. Kwa muda alisimama tu, hajui auweke wapi muda huo wote. Kisha akaenda kaburini bila ufagio.

Tangu tumzike mama sikuwahi kumsikia baba akisema neno pale. Alikuwa mtu wa kufanya kazi na kuondoka.

"Mama watoto," akasema, "habari za tangu siku ile? Sisi wazima. Wifi yako yuko nyuma anatwanga, nitamsalimia." Akakohoa kidogo. "Nilidhani mikono imekwisha. Nikawa nakuja hapa kama mtu anayeaga, nikashindwa kukwambia. Kumbe ni gari."

Akaketi chini, goti likimsumbua, akaendelea na habari za Kibaha, za kanisani, za mvua, na za mimi na hasira zangu. Magurudumu yalipoa. Sikumwita.