Kabureta Mbili za Kaka Mkubwa

Mtaa mzima unamwita Robo, na hata mkewe akipiga simu dukani kwangu huuliza, "Robo yupo hapo?" Jina limetokana na mkono wake. Mteja akimwambia akaze skrubu ya kabureta mzunguko mmoja, yeye hujibu, "Robo tu." Anazungusha robo, anasimama, anasikiliza, kisha anazungusha robo nyingine. Kwa mtu mwenye haraka ni adhabu. Mimi nina duka la vipuri mkabala na gereji yake, tunatazamana mwaka wa kumi na nne sasa, na nimeshuhudia wateja wakipitiwa na usingizi kwenye benchi.

Hushughulika na magari ya zamani tu, yale yenye kabureta. Haya mapya ya kompyuta hayataki. Anasema hayana adabu, yakiumwa hayasemi. Chombo chake kikuu ni kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono. Ncha moja anaiweka sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, anasikiliza hewa inavyoingia. Injini ikiwa na kabureta mbili lazima zote zivute sawa. Moja ikivuta zaidi, nyingine inategea, na gari linakosa raha. Robo akisema zimelingana, zimelingana. Sijaona mteja akirudi kulalamika, na mimi ni mtu wa kutazama nani anarudi.

Kazi hiyo alifundishwa na kaka yake mkubwa. Walikuwa wote kwenye gereji hiyohiyo, wakila sahani moja, mpaka baba yao alipowaachia gari lake, na gari hilo likawaponza. Kabureta yake ilikuwa imelika. Robo alitaka watie moja mpya, ya saizi ileile, wabadilishe jeti inayopima petroli, basi. Kaka alitaka mbili. "Injini hii imebanwa pumzi tangu itoke kiwandani," alisema. Robo akamjibu kwamba mbili ni mashauzi, na kwamba baba hakuwahi kushindana mbio na mtu. Nilikuwepo, maana kabureta zote tatu zilikuwa juu ya kaunta yangu, na watu wazima wawili walikuwa wakipigiana kelele kama watoto wanaogombea mpira. Ukiniuliza mimi, injini ile ingekwenda kwa moja na ingekwenda kwa mbili. Lakini nani aliniuliza?

Kaka akachukua mbili zake, akachukua na gari, akafungua gereji upande wa pili wa mji. Mwaka wa kwanza walikuwa bado wanasalimiana wakikutana. Kisha kaka akaacha kuitika. Robo anamwona ng'ambo ya barabara, anapaza sauti, "Shikamoo kaka!" na kaka anajiendea zake. Mara ya kwanza Robo alicheka. Mara ya tatu alirudi gerejini amekunja uso. "Hata salamu ananinyima," aliniambia. Mwishowe naye akaacha kusalimia. Na mimi nilichochea, siwezi kukataa. Nilimwambia kwamba nimemwita huyo kaka mtu barabarani mpaka koo likaniuma, akanipita kama nguzo ya umeme, na kwamba siku hizi kichwa kimemvimba. Hata dukani kwangu kaka alikuwa haji tena. Alikuwa akimtuma mkewe na orodha ya vipuri kwenye karatasi. Miaka sita ikapita hivyo.

Jumanne moja asubuhi, gari la baba likaingia kwenye gereji ya Robo, anayeliendesha ni shemeji yake, mke wa kaka. Lilikuwa linapiga mluzi. Niliusikia nikiwa ndani ya duka, feni inazunguka na redio inaongea.

"Shemeji, linazima kila nikisimama," alisema. "Kaka yako amehangaika nalo siku nne. Anasema ni petroli mbaya. Nimemdanganya kwamba nalipeleka kwa dada yangu."

Robo alifungua boneti, na nisimfichie siri: alifurahi. Nilivuka barabara ili nifurahi naye. Alifungua plagi nne akazipanga juu ya kitambaa. Mbili za mbele zilikuwa nyeusi tititi kwa masizi, zimelishwa petroli kupita kiasi. Mbili za nyuma nyeupe, zimekosa. Kabureta moja ilikuwa inafanya kazi yote, nyingine imejipumzikia. Na ule mluzi ulitoka kwenye gasketi iliyopasuka, chini ya kabureta ya nyuma, hewa ikijipenyeza.

"Na huyu ndiye aliyenifundisha mimi!" Robo alisema. "Siku nne? Mluzi huu hata kiziwi..."

Hakumaliza. Alirudisha plagi, akawasha injini, akaweka mpira sikioni na kuusikiliza mdomo wa mbele, kisha wa nyuma. Halafu akafanya jambo ambalo sikulielewa: aliziba masikio yote mawili kwa vidole, akabaki anaitazama injini. Ilikuwa inazunguka. Kwa macho tu, usingejua ina kasoro.

"Shemeji," aliuliza, "nyumbani mtu akibisha hodi, nani anafungua?"

Shemeji alitazama chini. "Mimi."

"Na simu?"

"Mimi." Akakaa kwenye benchi. "Lilianza sikio la kushoto, likafuata la kulia. Ukiwa mbele yake, ukisema polepole, anakufuata mdomo. Ukiwa nyuma, hakuna kitu. Alinikataza nisimwambie mtu. Fundi wa kabureta asiyesikia, nani atampelekea gari? Sasa wateja wameanza kuondoka wenyewe. Kila asubuhi anavaa ovaroli, anakwenda kukaa. Shemeji, nimeshindwa kumwangalia."

Robo aliketi juu ya tairi kuukuu. Mimi nilikumbuka yale maneno yangu ya kichwa kilichovimba, nikaona haya, haya hasa. Nilirudi dukani nikaleta gasketi mbili bila kuagizwa. Robo akabadilisha ile iliyopasuka, na mluzi ukakata. Lakini skrubu za kabureta hakuzigusa. "Hizo ni zake," alisema, akashika usukani. Shemeji akakaa mbele. Mimi nikajipachika nyuma, kisingizio changu ile gasketi ya pili. Gari lilizima mara tatu njiani.

Gereji ya kaka ilikuwa safi kupita kiasi, maana haikuwa na gari hata moja. Mwenyewe alikuwa ametupa mgongo, anapanga spana ukutani.

"Shikamoo kaka," Robo alisema. Spana zikaendelea kupangwa. "Shikamoo kaka!" Akatundika spana nyingine. Robo akazunguka mpaka mbele yake.

Kaka alishtuka. Alimtazama Robo, akaliona gari, akamtazama mkewe.

"Umemleta aje kunicheka?"

"Nimemleta afanye kazi," mkewe alisema, polepole.

Robo aliwasha injini, akampa bisibisi. Kaka hakuipokea. Robo akaushika mkono wake, akausogeza kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, asiuzibe, aukaribie tu, mpaka kiganja kikahisi hewa inavyovutwa. Kisha wa nyuma. Kaka alitulia. Alirudi mbele, akarudi nyuma, mara hii bila kushikwa. Akanyoosha mkono wa pili, akaichukua bisibisi.

Robo akaweka mpira wake sikioni ili ahakikishe. Kaka alizungusha skrubu kidogo, akapima kwa kiganja. Robo, ambaye sijawahi kumwona na haraka, akaashiria aongeze mzunguko mzima.

"Robo tu," kaka alisema. "Nilikufundisha nini?"

Nilijua wakati ule jina lile lilikotoka. Aliendelea hivyo, robo kwa robo, mpaka akainua mkono. "Zimelingana." Robo alikuwa bado anasikiliza. Alisikiliza mdomo huu, akasikiliza ule, akarudia, kisha akautoa mpira sikioni na kutikisa kichwa kukubali. Injini ilikuwa inanguruma laini, haitetemeki. Kaka aliilazia kiganja juu ya kifuniko chake, akakiacha hapo muda mrefu.

Robo akazima. Kaka akafuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja.

"Nikuulize," alisema. "Miaka yote hii. Kwa nini uliacha kunisalimia?"

Robo akasogea mpaka wakawa uso kwa uso. "Nilikusalimia mwaka mzima," alisema, akilitamka kila neno. "Ulikuwa umenipa mgongo."

Kaka alimtazama mdomoni hata baada ya maneno kwisha.

"Basi nisalimie sasa."

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba!" alijibu, kwa sauti kubwa mno, mpaka waliokuwa wakipita barabarani wakageuka.

Nikaweka gasketi yangu mezani, nikaenda nikasimama mbele yake, nikangoja zamu yangu.