Popo wa Duarani, Vipepeo wa Topeni

Asteria huponda mawe machimboni Masumbwe, kando ya duara, shimo anamochimba mumewe, Mwigulu.

"Penye popo pana hewa, Mama Ritha," mumewe humwambia kila asubuhi kabla ya kushuka. "Ondoa hofu."

Ondoa hofu! Asteria hakuwapenda hao popo hata kidogo, na sura zao za kukunjamana. Aliwapenda vipepeo weupe waliokuja kunywa topeni jua likiwaka. Popo walipotoka wakati wa magharibi, vipepeo walikuwa wameshalala. Hawakujuana.

Leo, jua la utosini, vipepeo wangali topeni, popo wakafumka duarani na kupita katikati yao. Asteria akatupa nyundo, akakimbilia mdomo wa shimo.

"Baba Ritha!"

Popo wa mwisho akatoka. Mwigulu alikuwa bado chini.